Nairobi: wapi pa kunywa kokteli nzuri, na jinsi ya kujua kilicho ndani ya glasi

Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayepitia Nairobi akielekea Dubai au Guangzhou mara nyingi hubaki na jioni moja ambayo hana kazi nayo. Bia haimpi shida. Tusker ya Kenya ataizoea upesi, kama alivyozoea Simba au Primus ya nyumbani. Kinachomchanganya ni ile karatasi ndefu anayopewa akiketi kwenye baa ya hoteli: majina ishirini ya vinywaji vilivyochanganywa, kila kimoja kwa shilingi elfu moja hivi au zaidi, na orodha ya vitu ambavyo hajawahi kuviona pamoja katika glasi moja.

Wasafiri wa namna hiyo ni wengi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na benki kubwa za Kenya, Equity na KCB, zimenunua benki za Congo: ya kwanza BCDC, ya pili TMB ya Lubumbashi. Watu wanakwenda na kurudi kwa biashara, masomo, matibabu na mikutano. Jioni ikifika, wanauliza swali moja: twende wapi?

Nairobi ina jibu zuri kwa swali hilo, kwa kuwa baa zake za kokteli zimekuwa miongoni mwa zinazotajwa sana barani Afrika. Lakini mji huo huo una historia ndefu ya pombe ya sumu, na una wezi wanaotumia glasi ya mgeni kama mtego. Anayetafuta kokteli nzuri ajue basi mambo mawili: mahali penyewe, na namna ya kukagua anachopewa.

Kokteli ni nini hasa

Neno hili lina zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, katika jimbo la New York huko Marekani, liliwaeleza wasomaji wake kwamba kokteli ni pombe kali iliyochanganywa na sukari, maji, na matone machungu yanayotokana na mizizi na magome ya miti. Tangu wakati huo vimeongezwa maji ya ndimu, matunda, mayai, kahawa na mengineyo, lakini msingi haujabadilika: kitu kikali, kitu kitamu, kitu kichungu au kichachu, na barafu.

Kazi ya mchanganyaji, ambaye Kinshasa na Lubumbashi wanamwita barmani, ni kuvipatanisha vitu hivyo visigombane. Kwa hiyo ubora wa baa hauonekani kwenye taa wala kwenye viti. Unaonekana katika mambo madogo ambayo mgeni yeyote anaweza kuyatazama akiwa ameketi mbele ya kaunta.

La kwanza ni ndimu. Katika baa nzuri ndimu hukamuliwa siku hiyo hiyo, mara nyingi mbele ya mteja. Maji ya ndimu ya chupa yana ladha ya kitu kilichopikwa, na hakuna sukari inayoweza kuificha.

La pili ni barafu. Vipande vikubwa na vigumu huyeyuka polepole, hivyo kinywaji hupoa bila kujaa maji. Barafu ndogo iliyolowa tayari hugeuza glasi ya shilingi elfu moja kuwa maji yenye rangi ndani ya dakika tano.

La tatu ni kipimo. Mchanganyaji anayeijua kazi hutumia kikombe kidogo cha kupimia hata kama amefanya kazi hiyo miaka ishirini. Anayemimina kwa macho anaonekana mkarimu, lakini glasi ya pili haitafanana na ya kwanza.

La nne ni mkono. Kinywaji chenye maji ya matunda hutikiswa ndani ya kopo ili vitu vishikane. Kile chenye pombe tupu, kama martini, kwa desturi hukorogwa taratibu kwa kijiko kirefu. Mchanganyaji akiulizwa sababu na akajibu bila kusita, mteja amefika mahali pazuri.

“Dawa” iliyozaliwa Langata

Mgeni asiyejua aanzie wapi aanze na kinywaji kilichozaliwa Nairobi kwenyewe. Kinaitwa Dawa, na kilipata jina lake katika mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa mwaka 1980 upande wa Langata, si mbali na uwanja wa ndege wa Wilson.

Carnivore inajulikana duniani kwa nyama inayochomwa juu ya makaa na kuletwa mezani kwenye mishikaki mirefu. Wahudumu huendelea kukata nyama mpaka mteja mwenyewe ashushe kibendera kilicho mezani kuonyesha kwamba ameshiba. Kabla ya nyama hupita mhudumu wa Dawa, akiwa na vifaa vyake vyote kwenye sinia, na kuchanganya palepale.

Mapishi yake ni mepesi. Ndimu iliyokatwa vipande na sukari huwekwa ndani ya glasi, kisha barafu na vodka. Mwisho huletwa kijiti cha mbao kilichochovywa katika asali nzito. Mnywaji mwenyewe hutumia kijiti hicho kuponda ndimu na kukoroga. Anayetaka utamu hukoroga sana, na asiyeutaka hukitoa kijiti mapema. Asili ya Dawa ni caipirinha ya Brazili, inayotumia pombe ya miwa, lakini asali na kijiti vimeifanya kuwa ya Kenya kabisa. Leo karibu kila hoteli ya mji huo inaiuza.

Kuna tahadhari moja ya lugha. Katika migahawa ya kahawa ya Nairobi, “dawa” ni kinywaji kingine: maji ya moto yenye tangawizi, limau na asali, kinachopendwa na mtu mwenye mafua. Hakina tone la pombe. Mgeni aliyeagiza dawa saa nne asubuhi akaletewa kikombe cha moto asilalamike, na asiyekunywa pombe anayeagiza dawa kwenye baa usiku lazima aseme wazi anataka ipi.

Westlands: juu ya paa

Kwa anayetaka mji wenye taa, mtaa wa Westlands ndio wa kwanza. Tangu barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway ilipofunguliwa mwaka 2022, mtu anaweza kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta mpaka Westlands bila kukwama katika msongamano wa katikati ya mji. Barabara hiyo ina urefu wa kilomita 27 hivi.

Katika jengo la One Africa Place, ghorofa ya 20, kuna Inti, mkahawa unaochanganya upishi wa Peru na wa Japani. Hapo ndipo pa kuonja pisco sour, kokteli ya Peru inayotengenezwa kwa pombe ya zabibu, maji ya ndimu, shira ya sukari na ute mweupe wa yai. Ute ule ndio unaotoa povu jeupe juu ya glasi. Ikitengenezwa vizuri, povu hushikana na matone machungu yanayotiwa juu yake hubaki yakielea. Povu likipotea kabla glasi haijafika mezani, kopo halikutikiswa vya kutosha.

Hatua chache kutoka hapo, hoteli ya Sankara ina baa ya Sarabi, juu ya paa, kando ya bwawa la kuogelea. Ni mahali pa watu wa ofisi wanaotoka kazini na wageni wanaotaka kuona jua likizama. Anayekwenda huko mwezi wa saba achukue koti. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na usiku wa Julai juu ya paa ni baridi kama ule wa Bukavu.

Westlands pia ina klabu nyingi zenye muziki wa nguvu. Huko kokteli hutengenezwa kwa haraka, na zenye sukari nyingi ndizo zinazopendwa. Anayekuja kucheza atafurahi. Anayekuja kuonja aende mapema, kabla ya saa tatu usiku, wakati mchanganyaji bado ana nafasi ya kufanya kazi yake na kuzungumza.

Gigiri: baa iliyotajwa duniani

Kaskazini mwa mji, karibu na ofisi za Umoja wa Mataifa na makao makuu ya shirika la mazingira UNEP, kuna kituo cha biashara cha Village Market. Ndani yake, juu ya hoteli ya Trademark, ndipo ilipo Hero Bar. Kuta zake zimepambwa kwa michoro ya mashujaa wa vitabu vya katuni, na vinywaji vyake hubuniwa kwa kufuata hadithi za aina hiyo. Hero imewahi kuingia katika orodha ya World's 50 Best Bars, sehemu ile ya nafasi ya 51 hadi 100. Ni heshima ambayo baa chache sana za Afrika zimeipata.

Wageni wanaokuja kwenye mikutano ya Gigiri wanaweza kufika huko bila kuvuka mji. Wengine wajue kwamba Gigiri iko mbali na katikati ya mji na nauli ya teksi itaonekana kwenye hesabu. Meza za Ijumaa na Jumamosi ni vizuri kuziagiza mapema kwa simu.

Katika baa za daraja hili mteja ataona pia chupa ya Procera, jini inayotengenezwa Nairobi. Jini yoyote duniani hupata harufu yake kutoka kwenye vitunda vya mti wa jamii ya mtarakwa. Viwanda vingi hutumia vitunda vilivyokaushwa vya Ulaya. Procera inatumia vya mti wa Afrika, Juniperus procera, unaoota katika nyanda za juu za Kenya, na huvitumia vikiwa vibichi. Bei yake ni kubwa. Anayetaka kujua tofauti aiombe na maji ya toniki tu, bila matunda mengi juu yake.

Upande wa Karen, kusini magharibi mwa mji, hali ni tulivu zaidi: bustani, miti, moto wa kuni. Mkahawa wa Talisman ni miongoni mwa sehemu zinazojulikana huko, na sambusa zake za jibini na dhania zinakwenda vizuri na kinywaji chenye uchachu wa ndimu.

Katikati ya mji, na kumbukumbu zake

Hoteli mbili za zamani zinastahili kutembelewa hata na asiyekunywa. Stanley, iliyoanza mwaka 1902, iko kwenye kona ya barabara za Kenyatta na Kimathi. Mkahawa wake wa Thorn Tree una mti wa mgunga ambao zamani wasafiri walikuwa wakibandika ujumbe kwenye shina lake ili jamaa zao wausome wakipita. Baa yake inaitwa Exchange. Jina hilo linakumbusha soko la hisa la Nairobi lililoanzishwa mwaka 1954, wakati biashara ya hisa ilipokuwa ikifanyika kwa mazungumzo ndani ya hoteli hiyo.

Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1904. Baraza yake ilikuwa mahali pa walowezi wa Kizungu kunywa jioni. Barabara inayopita mbele yake leo inaitwa Harry Thuku, na jina hilo lina sababu yake. Mwezi wa tatu mwaka 1922, serikali ya kikoloni ilimkamata Thuku, kiongozi aliyepinga kodi na kazi za lazima. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kilichokuwa karibu kudai aachiliwe. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwasukuma wanaume wasirudi nyuma. Polisi walifyatua risasi. Idadi rasmi ya waliokufa ilikuwa 21, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Wengine walihesabu zaidi. Kuna ushuhuda kwamba baadhi ya Wazungu waliokuwa barazani pa Norfolk nao walipiga risasi.

Wakati huo Mwafrika hakuruhusiwa na sheria kunywa pombe kali ya chupa. Congo ya Wabelgiji nayo ilikuwa na katazo la aina hiyo. Mtu mweusi aliingia katika baa za hoteli akiwa amebeba sinia. Mkongomani anayeketi leo Norfolk au Stanley, akaagiza anachotaka na kulipa kwa pesa yake, anafanya jambo ambalo babu yake asingeweza kulifanya, Nairobi wala Élisabethville.

Katika historia ya usiku wa Nairobi Wakongomani wana sehemu yao. Super Mazembe walihamia Kenya mwaka 1974. Les Mangelepa walianza Nairobi mwaka 1976, baada ya wanamuziki kujitenga na bendi ya Baba Gaston, mzaliwa wa Katanga. Samba Mapangala wa Matadi aliunda Orchestra Virunga mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kupiga katika kumbi kama Garden Square na Starlight. Starlight haipo tena. Mahali pake pamesimama Integrity Centre, jengo la tume ya kupambana na rushwa. Wazee wa Nairobi bado wanaikumbuka.

Sukari inavyoficha

Pombe kali ikiwa mbaya, mtu anayeinywa tupu huenda akahisi kasoro. Ikichanganywa na ndimu, asali na maji ya pasheni, hahisi kitu. Hii ndiyo hatari ya kokteli, na Kenya inaijua hatari ya pombe chafu kuliko nchi nyingi.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2000, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya maskini ya Nairobi na kupofusha wengine. Mwezi wa tano mwaka 2014 watu zaidi ya 60 walikufa katika kaunti kadhaa. Mwezi wa pili mwaka 2024 zaidi ya watu kumi walikufa Kirinyaga, na serikali ilisema pombe waliyokunywa ilikuwa imekamatwa kabla na kuhifadhiwa katika kituo cha polisi kama ushahidi, kisha ikatoka.

Methanoli inafanana na pombe ya kawaida kwa rangi, na harufu yake haitofautiani sana. Tofauti iko mwilini. Ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho na ubongo. Mtu anaweza kulala akijiona mlevi tu, kisha saa nyingi baadaye akaamka na kichwa kinachouma, tumbo linalosokota, na macho yanayoona ukungu au weupe mtupu. Hapo hakuna maziwa wala mafuta yatakayomsaidia. Anatakiwa afike hospitalini mara moja, kwa sababu kuna dawa ya kuzuia methanoli isigeuke sumu na kuna mashine ya kusafisha damu, na vyote viwili hufanya kazi vizuri zaidi vikianza mapema.

Waliokufa wengi walikuwa watu wa kipato kidogo, waliokunywa kinachouzwa kwa bei ya chini kabisa. Lakini chupa bandia hazikai katika mitaa ya maskini peke yake. Chupa tupu ya whisky yenye jina kubwa ina soko lake, kwa sababu inaweza kujazwa tena.

Kwa hiyo mteja ana haki ya kuuliza. Kila chupa ya pombe inayouzwa kihalali Kenya ina stempu ya ushuru ya mamlaka ya mapato, KRA, na mamlaka hiyo imetoa programu ya simu iitwayo Soma Label inayosoma stempu na kuonyesha kama ni ya kweli. Mchanganyaji mwaminifu hatakasirika akiombwa aonyeshe chupa kabla ya kumimina. Anayemimina chini ya kaunta, au anayeleta glasi iliyokwisha kuchanganywa kutoka chumba cha nyuma, amempa mteja sababu ya kubadili na kuagiza bia ifunguliwe mbele yake. Kokteli ya pombe kali inayouzwa kwa bei ndogo kuliko soda mbili nayo ni ya kuogopwa.

“Mchele” si chakula

Neno jingine ambalo mgeni anapaswa kulijua ni “mchele”. Katika lugha ya mitaani ya Nairobi, kuwekewa mchele ni kutiliwa dawa ya usingizi kwenye kinywaji. Mtu huzinduka kesho yake, simu, pesa na hati za kusafiria hazipo. Wengine hawakuzinduka. Wanaotegwa zaidi ni wanaume walio peke yao, hasa wageni wanaoonyesha pesa, lakini wanawake pia hutiliwa, kwa sababu mbaya zaidi.

Kinga ni rahisi kuieleza. Glasi haiachwi mezani mtu akienda chooni. Akirudi aagize nyingine. Kinywaji cha zawadi hupokelewa kutoka mkononi mwa mhudumu, si wa jirani. Wanaotoka pamoja warudi pamoja. Mtu aliyekunywa glasi moja akaanza kulegea kama aliyekunywa kumi asiachwe alale na asikabidhiwe kwa “rafiki” waliyekutana naye usiku huo. Namba za dharura nchini Kenya ni 999 na 112.

Bei, saa na kurudi nyumbani

Dola moja ya Marekani hubadilishwa kwa shilingi 130 hivi. Kokteli katika hoteli nzuri huanzia kama dola saba au nane na kupanda. Wengi wa Kinshasa, Lubumbashi na Goma wamezoea kulipa kwa dola mahali popote, lakini Nairobi si hivyo. Baa inataka shilingi, kadi, au M-Pesa ya Safaricom. M-Pesa ya Vodacom iliyo kwenye simu ya Congo ni mtandao mwingine, kwa hiyo msafiri asiitegemee bila kuhakikisha kwanza. Baadhi ya baa zina saa za bei nafuu jioni, na ni vizuri kuuliza kabla ya kuagiza. Bili isomwe mstari kwa mstari, na risiti ichukuliwe.

Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, inaruhusu baa za kawaida kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwishoni mwa wiki. Hoteli na klabu za usiku zina leseni za aina nyingine. Umri wa chini ni miaka 18, na serikali ilitangaza mwaka 2025 sera inayopendekeza kuupandisha mpaka 21. Mgeni abebe kitambulisho au nakala ya pasipoti.

Usiku polisi huweka vizuizi na kupima pumzi za madereva kwa kifaa ambacho kila Mkenya anakijua kwa jina la alcoblow. Aliyekunywa asiendeshe gari. Teksi za programu kama Uber na Bolt zinapatikana saa zote, na kabla ya kupanda inatakiwa kulinganisha namba ya gari na ile iliyo kwenye simu.

Asiyekunywa naye asijinyime jioni. Baa nzuri hutengeneza vinywaji bila pombe kwa uangalifu ule ule, kwa ndimu, nanasi, pasheni, nanaa na tangawizi. Hicho pia ni kipimo kizuri: mchanganyaji anayejua kulinganisha uchachu na utamu bila msaada wa vodka anaijua kazi yake.

Wanachoweza kujifunza wa Congo

Dawa haikuhitaji kiwanda. Ilihitaji ndimu, asali, kijiti, na mkahawa ulioamua kwamba kinywaji chenye jina la Kiswahili kinaweza kuuzwa kwa watalii wa dunia nzima. Vitu kama hivyo Congo inavyo tele. Kahawa ya Kivu inasifiwa Ulaya na Marekani. Marakuja, mananasi na ndimu vinaoza sokoni msimu ukifika. Tangawisi hukamuliwa na akina mama na kuuzwa kwenye chupa katika miji yote. Asali inatoka Katanga mpaka Ituri.

Kinachokosekana mara nyingi ni uhakika wa pombe yenyewe. Lutuku na lotoko hunerekwa majumbani bila mtu yeyote kupima, na zinapelekwa sokoni katika madumu. Familia nyingi zinaishi kwa kazi hiyo, na kuipiga marufuku tu hakujaiondoa. Kenya nayo ilipiga chang'aa marufuku kwa miaka mingi. Mwaka 2010 ikaihalalisha kwa masharti: itengenezwe kwa leseni, ipimwe, ifungwe kwenye chupa zenye maelezo. Vifo vya 2014 na 2024 vimeonyesha kwamba sheria iliyoandikwa haitoshi bila mkaguzi asiyehongwa.

Mwenye baa wa Goma, Bukavu au Lubumbashi hana haja ya kungoja serikali ili aanze na yaliyo mkononi mwake: chupa inayofunguliwa mbele ya mteja, ndimu iliyokamuliwa leo, barafu ya maji safi, kipimo kinachojulikana, na kinywaji kimoja chenye jina la nyumbani. Mteja aliyeonja Nairobi atakuja kuuliza vitu hivyo. Itakuwa vizuri akivikuta.